Mzigo Bila Abiria

Jino la mama lilibaki ndani ya tobolwa.
Hakulia. Alilitazama tu, kama mtu
aliyeokota kifungo cha shati asilolijua,
akalifuta kwa upindo wa kanga
na kuendelea kutafuna upande wa pili.

Jumatatu nikampeleka Kitete.
Tabibu Kalunde akamwinua kidevu,
akapitisha sindano butu kando ya ufizi
akihesabu kwa sauti: tano, sita, sita, nane.
Milimita za shimo ambalo mimi, mwanawe,
niliyekula naye sahani moja miaka yote,
sikuliona.

"Ni bakteria," alisema. "Hukaa chini kule, pasipo hewa,
weusi kwa damu wanayokunywa.
Ila usidhani kila mmoja huja mwenyewe kubisha hodi.
Utando wake wa nje huvimba, hutoa kitone,
kitone hukatika kikawa kifuko,
kidogo hata hadubini yetu hapa haikioni.
Ndani yake amefunga visu.
Kifuko kinasafiri.
Yeye yuko palepale, amekaa."

Mimi ni karani wa vifurushi, stesheni ya Tabora,
miaka kumi na tisa penye njia panda ya reli:
huku Kigoma, huku Mwanza, kule Mpanda, kule pwani.
Nilimwelewa upesi kuliko nilivyotaka.

Mtumaji hapandi treni.

"Na seli," nikauliza, "haina mlinzi?"
Akacheka, akavua glavu moja.
Seli haivunjiwi mlango, alisema.
Kifuko hujibandika pale utando ulipo na mafuta,
nayo seli hujikunja, hukikumbatia, hukimeza,
(kama nami ninavyovuta gunia ndani
kwa kuwa lebo imeandikwa kwa mwandiko mzuri).
Humo ndipo visu vinapotoka.
Hukata mikono inayopokea chuma,
seli ikalala na njaa katikati ya damu.
Hukata na kamba zinazoishikiza sakafuni,
ikawa haiwezi kujongea kuziba kidonda
kilicho hatua moja mbele yake.

Chuma.
Nje, injini ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa,
gongo, kimya, gongo.

Nikaikumbuka ndoo ile kutoka Sikonge.
"Asali," ilisema lebo. Niliipima, nikatia sahihi.
Usiku ikavuja. Asubuhi tukawakuta panya
wamelala safu moja chini ya mizani,
midomo ingali inang'aa.
Hakuna aliyekuja kuidai.
Mkuu wa stesheni aliuliza ni nani aliyeipokea.
Sahihi ilikuwa yangu.

Kalunde alikwangua hadi saa saba.
Mama alitema wekundu, akasukutua, akatema tena.
"Nimesafisha nilipofika," tabibu akasema,
"lakini vingine huingia kwenye damu,
na sijui vilishukia stesheni gani."
Mama akashika goti lake la kushoto,
lile linalovimba tangu mwaka wa njaa.
"Labda," Kalunde akasema haraka. "Nimesema labda.
Sukutua kwa maji ya chumvi. Mswaki asubuhi na usiku.
Na ule ugoro, mama, uache."
Mama akatazama dari.

Nyumbani nililifunga jino kwa lebo ya mzigo,
ile ya manila, yenye tundu na uzi.
Kutoka: nikaandika jina lake, Nyamizi binti Kasubi.
Kwenda: kalamu ikasimama.

Akaninyang'anya.
Akatoka uani na kanga yake imelegea,
akalirusha juu ya bati, kama mtoto wa miaka saba,
likagonga, likabingirika, likanyamaza
pamoja na lebo yake.

"Hukuandika liende wapi," nikamwambia.

"Mwandikie huyo wa chini," akasema, ulimi ukipapasa pengo,
"siku nyingine
aje mwenyewe."